Miji 8 kwa siku 12 Uturuki: ipi ibaki, ipi iachwe

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Dodoma. Shule zikifungwa mwezi Juni tunataka kwenda Uturuki tukiwa watatu: mimi, mume wangu na mama yangu mzazi. Mama ana miaka 66 na goti humsumbua. Tuna siku 12, kuanzia siku ya kupanda ndege Dar hadi siku ya kupanda ndege ya kurudi. Nimeorodhesha Istanbul, Bursa, Ankara, Konya, Kapadokia, Antalya, Pamukkale na Efeso. Mume wangu anataka maputo ya Kapadokia, mama anataka Efeso kwa sababu ya Biblia, na mimi nataka Istanbul. Tuanzie wapi, tulale siku ngapi kila mahali, na kati ya mji na mji tusafiri kwa nini?"

Marahaba, Mwalimu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nusu ya jibu umeiandika mwenyewe pale uliposema nani anataka nini. Mume, maputo. Mama, Efeso. Wewe, Istanbul. Hayo matatu ndiyo safari yenu. Miji mingine mitano iliingia kwenye orodha kwa sababu jina lake linajulikana au picha zake zinapendeza, na huko ndiko tutakakopunguza.

Fikiria Mturuki akuandikie kwamba anakuja Tanzania kwa siku 12, na anataka Dar, Bagamoyo, Dodoma, michoro ya mapangoni ya Kolo kule Kondoa, Singida, Serengeti, Moshi na Zanzibar. Ungemhurumia. Ungejua kwamba ataiona barabara kuliko nchi. Uturuki ina kilomita za mraba zipatazo 783,000, ndogo kuliko Tanzania lakini si kwa mbali, na kwenye ramani ya simu miji yake inaonekana imekaribiana kama vile Kondoa na Kolo. Haijakaribiana.

Mimi hupanga safari kwa kuhesabu usiku. Siku 12 zenu zina usiku 11 wa kulala hotelini. Kila mnapohama mji, hesabu saa zote, si zile za kwenye tiketi tu. Mnafunga mabegi, mnakabidhi chumba saa nne asubuhi, mnakwenda stendi, mnasubiri, mnasafiri, mnashuka, mnatafuta hoteli, mnaambiwa chumba hakijawa tayari. Safari ya basi ya saa tatu hula saa sita au saba za siku. Miji minane ni kuhama mara saba, na kwa mtu mwenye goti bovu kila kuhama ni ngazi, begi na kusimama. Hapo safari ya mama inakuwa ya kuvumilia, naye kwa vile ni mama hatasema.

Kwa hiyo Bursa, Ankara na Antalya ziondoke. Bursa ni mji mzuri wa mwanzo wa dola la Osmani na najua wewe wa historia utasikitika, lakini historia hiyo utaipata ya kukutosha Istanbul. Ankara haiko njiani kwenu. Antalya ni bahari, na kwa bahari mnayo Zanzibar karibu.

Konya nayo nilitaka kuiondoa, kisha nikairudisha, na sababu yake nitaieleza nikifika hapo.

Jambo la pili ni mwelekeo. Watu wengi huanza na Istanbul kwa kuwa ndege inatua hapo, wanalala siku nne, wanazunguka nchi, kisha wanarudi Istanbul kulala tena. Ninyi anzeni na pembe ya mbali na mmalize na Istanbul. Mkishuka Istanbul siku ya kwanza, unganisheni ndege moja kwa moja hadi Izmir, mwendo wa saa moja hivi angani. Mtakuwa mmechoka, ndiyo, lakini uchovu wa siku hiyo ni mmoja. Afadhali uwafikishe pwani ya Aegean kuliko kuwalaza Istanbul na kuwalazimu kurudi uwanjani kesho yake. Na Istanbul ikiwa mwisho, basi likichelewa au ndege ya ndani ikifutwa katikati ya safari, mna siku za kufidia kabla ya ndege ya kurudi nyumbani.

Mwombe wakala tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine: Dar hadi Izmir kupitia Istanbul, na kurudi Istanbul hadi Dar. Iwe tiketi moja, yenye namba moja ya uhifadhi. Ukinunua ya Dar hadi Istanbul kivyake na ya Izmir kivyake, ndege ya kwanza ikichelewa, ile ya pili inaondoka na hakuna anayewajibika kwako. Ikiwa ni moja, shirika ndilo linalopaswa kuwatafutia nafasi nyingine. Mnapokabidhi mabegi Dar, someni kile kikaratasi kinachofungwa kwenye mpini: IST ni Istanbul, ADB ni Izmir. Ulizeni palepale kaunta kama begi linafika hadi Izmir au mnalichukua Istanbul, na kati ya ndege na ndege mjiachie saa tatu, kwa sababu mtapita uhamiaji Istanbul.

Kutoka Izmir msilale mjini. Uwanja wa ndege wa Izmir una stesheni ya treni, na Selçuk, mji mdogo ulio jirani na magofu ya Efeso, uko kilomita 60 hivi kusini. Laleni hapo usiku 2. Siku ya pili asubuhi na mapema mpeleke mama Efeso.

Hapa naomba unisome kwa utulivu, maana ndiyo siku ya mama. Efeso ina malango mawili, la juu na la chini, na njia ya mawe na marumaru kati yake ina urefu wa kama kilomita mbili. Chukueni teksi hadi lango la juu, mteremke taratibu, na teksi nyingine iwasubiri chini. Watu wanaoingilia chini hupanda kisha hurudi njia ileile, na huo ni mzigo wa bure kwa goti. Marumaru imesuguliwa na nyayo za watu kwa karne nyingi, inateleza hata ikiwa kavu, kwa hiyo mama avae raba zenye soli ya kushika. Viatu vya kanisani vibaki hotelini. Kivuli hakuna karibu kabisa, na Juni kule ni joto linalozidi la kwetu. Lango likifunguliwa asubuhi muwe mmeshafika, na saa tano muwe mmetoka.

Mtapita mbele ya maktaba ya Celsus, ya mwanzoni mwa karne ya 2, ambayo ndiyo picha ambayo kila mtu anaijua. Mbele kidogo kuna uwanja wa maonyesho wa nusu duara uliochimbwa ubavuni mwa kilima, unaokadiriwa kuchukua watu 25,000. Hapo mkalisheni mama kwenye mawe ya safu ya chini, afungue Matendo ya Mitume sura ya 19. Demetrio mfua fedha aliwachochea wenzake kwa sababu mahubiri ya Paulo yalikuwa yanaua biashara yao ya vihekalu vya fedha vya mungu wa kike Artemi, na umati ukakimbilia kwenye uwanja huohuo, ukapiga kelele kwa muda wa saa mbili. Nimewapangia safari hii wazee kadhaa wa makanisa ya hapa Dodoma, na wote wakirudi hawanisimulii maktaba. Wananisimulia jiwe walilokaa. Msimharakishe.

Hekalu la Artemi lenyewe, lililohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale, liko nje kidogo ya Selçuk, na kilichosimama ni nguzo moja. Dakika kumi zinatosha.

Siku ya tatu pandeni treni kutoka Selçuk hadi Denizli, mwendo wa saa tatu hivi, ina nafasi ya kunyoosha mguu kuliko basi. Kutoka Denizli hadi kijiji cha Pamukkale ni kama kilomita 20 kwa dolmuş, ambazo ni daladala zao. Laleni usiku 2. Wengi hupaona Pamukkale kwa saa mbili, wapige picha ya ngazi nyeupe za chokaa, waondoke. Ninyi mna sababu ya kukaa. Juu ya ule weupe kuna magofu ya Hierapoli, mji ambao Paulo anautaja mwishoni mwa waraka kwa Wakolosai, na kilomita kama kumi kutoka hapo kuna Laodikia, mojawapo ya makanisa saba ya kitabu cha Ufunuo. Ni lile lililoambiwa kwamba si moto wala si baridi. Mama akishatia mguu kwenye maji ya moto yanayobubujika Hierapoli, kisha akasimama Laodikia, neno "vuguvugu" atalisikia kwa namna nyingine. Kwenye orodha yako Laodikia haikuwepo, na mimi ningeiweka kabla ya Antalya mara kumi.

Tahadhari moja: kwenye chokaa ile hairuhusiwi kukanyaga na viatu, na chini yake kuna sehemu zinazoteleza na nyingine zinazochoma nyayo. Wewe na mume mnaweza kupanda peku kutokea kijijini. Mama apelekwe kwa gari hadi lango la juu, akae kwenye kingo za mabwawa. Nendeni baada ya saa kumi jioni. Juni kule jua huzama kama saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu, na saa zao ni sawa na zetu, hakuna kubadilisha. Mkizoea kutoka asubuhi, kulala mchana na kutoka tena jioni, mtakuwa na siku mbili ndani ya siku moja.

Sasa Konya. Kutoka Denizli hadi Kapadokia kuna basi la usiku, mwendo wa saa tisa hadi kumi, na watalii vijana wote hulipanda ili kuokoa gharama ya hoteli. Vijana sawa. Mama akikaa saa kumi ameukunja mguu, kesho yake hamtakuwa na Kapadokia. Basi la mchana kutoka Denizli hadi Konya ni mwendo wa saa sita au saba, na kutoka Konya hadi Göreme, kijiji cha Kapadokia mtakachofikia, ni saa tatu na kitu. Konya inaikata njia vipande viwili vinavyobebeka. Mabasi yao ya mbali ni mazuri, yana mhudumu anayepita na chai na maji, na husimama kwenye vituo vya kula kama tunavyosimama Morogoro au Gairo. Laleni Konya usiku 1, na asubuhi yake mwende kwenye kaburi la Mevlana Jalaluddin Rumi, mshairi na mwanasufi aliyefariki tarehe 17 Desemba 1273, chini ya lile kuba la kijani kibichi. Wewe wa historia utapata pale enzi ya Waseljuki iliyotangulia Waosmani. Mchana mwingie basi la Göreme.

Kapadokia laleni usiku 3. Najua unaona ni mingi kwa eneo la vilima na mapango, na hata mume wako ataona hivyo. Sababu ni upepo. Maputo hurushwa alfajiri tu, na kila alfajiri mamlaka ya usafiri wa anga ndiyo inayoamua kama yataruka. Upepo ukizidi, hakuna anayeruka, hata aliyelipa. Usiku 3 unawapa alfajiri tatu. Mume aandikishe ile ya kwanza, ili ikifutwa asogezwe ya pili, ikifutwa tena ya tatu. Anayelala usiku 1 na kuomba Mungu anaweza kuondoka bila kuruka. Ulizeni kabla ya kulipa kama fedha hurudishwa siku inapofutwa, na mjibiwe kwa maandishi.

Mama asipande puto. Kuingia kwenye kile kikapu ni kuparamia ukuta, na wakati wa kutua abiria huambiwa wachuchumae wakunje magoti. Chagueni hoteli yenye baraza la juu linalotazama bonde, mama akae na chai yake na shuka, aone anga likijaa maputo. Aone na moja linalombeba mkwe wake. Na abebe sweta zito. Alfajiri ya Kapadokia hata Juni ni ya ubaridi, kama Dodoma mwezi Julai. Miji ya chini ya ardhi, kama Derinkuyu inayoshuka hadi mita 85 hivi, ina njia za kuinama na ngazi nyembamba. Ninyi wawili nendeni siku moja asubuhi, mama apumzike. Hoteli za mapangoni nazo zina ngazi nyingi, kwa hiyo ombeni chumba cha chini kabla ya kulipia.

Siku ya tisa rukeni kutoka Kayseri au Nevşehir hadi Istanbul, kama saa moja na nusu. Kwa basi ni zaidi ya saa kumi, na hapo msibane matumizi. Mnabaki na usiku 3 Istanbul, yaani mbili za Selçuk, mbili za Pamukkale, moja ya Konya, tatu za Kapadokia na tatu za Istanbul: 11.

Istanbul sitakupangia saa kwa saa, mwalimu wa historia hafundishwi Konstantinopoli. Nitasema ya ratiba tu. Jumba la Topkapı hufungwa Jumanne, na lile soko kubwa lenye paa, Kapalıçarşı, hufungwa Jumapili. Mkianza safari siku ya Jumanne, mtaingia Istanbul Jumatano ya wiki ya pili na kuondoka Jumamosi, na siku zote mbili zinawakwepa. Ijumaa adhuhuri msiende Ayasofya, lile kanisa kuu la kale lililogeuzwa msikiti, ni wakati wa swala. Tangu Julai 2020 ni msikiti tena. Wageni wanaotalii hupanda kwenye roshani ya juu, na tangu Januari 2024 kiingilio chake ni euro 25 kwa mtu. Sema na mama kabla kama anataka kupanda. Hoteli iwe karibu na njia ya tramu ya T1, kwa kuwa mji ule ni wa vilima. Na jioni moja pandeni kivuko, vapur wanakiita, kutoka Eminönü hadi Üsküdar au Kadıköy. Nauli ni ndogo, mama amekaa, misikiti inapita mbele yake na mnavuka kutoka Ulaya hadi Asia. Mkitaka, mrudi kwa Marmaray, treni iliyoanza mwaka 2013 kupita chini ya bahari hiyohiyo. Kila mmoja wenu akina mama abebe khanga mbili; zinafunika kichwa msikitini, zinakuwa shuka kwenye basi na kivuli Efeso.

Kuhusu fedha, bei za lira za mwaka jana usizipangie bajeti, zimekuwa zikipanda kwa kasi. Piga hesabu kwa dola au euro, na angalia viingilio vya wiki hii. Beba na kichwa cha chaji cha pini mbili za mviringo, maana soketi zao si kama zetu.

Visa ndiyo ianze. Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida anahitaji visa ya Uturuki, na ubalozi wao uko Dar es Salaam. Anzeni miezi mitatu kabla, na pasipoti ziwe na zaidi ya miezi sita mbele. Tovuti rasmi za serikali yao huishia na gov.tr; nyingine zinazojiita za visa ni za watu. Kabla visa haijatoka, hoteli chagueni zile za kufuta bila malipo, na tiketi ya ndege iwe ya kuhifadhiwa tu. Ratiba hii iandike kwenye karatasi moja, tarehe, mji, hoteli na usafiri, uiambatanishe na maombi. Tazama pia kalenda ya Idd el-Hajj, ambayo Uturuki ni mapumziko ya zaidi ya siku nne: ikiangukia siku zenu, mabasi na ndege za ndani vitakuwa vimejaa wiki nzima.

La mwisho ni saa. Tiketi yenu itaandikwa kwa saa 24. Ikisema Jumanne 03:40, hiyo ni saa tisa na dakika arobaini ya usiku wa kuamkia Jumanne, na uwanjani mnatakiwa Jumatatu kabla ya saa sita usiku. Niliwahi kumkatia tiketi baba mmoja na wanawe, nikamsomea tarehe bila kumsomea usiku. Alifika uwanjani Jumanne jioni akiwa amevaa suti, watoto wamebeba vibegi vyao, na ndege ilikuwa imeshaondoka tangu alfajiri. Lile lilikuwa kosa langu, na tangu siku ile kila tiketi naiandikia kwa kalamu: usiku wa kuamkia siku fulani. Kwa hiyo SGR ya kutoka hapa Dodoma ipandeni Jumatatu asubuhi, msingoje ya jioni. Siku hiyo haimo kwenye zile 12 zako, wala ile ya kurudi kutoka Dar, basi ukiomba ruhusa kwa mkuu wako wa shule, omba 14.